Mlima uko juu karibu na jua kuliko sisi, mbona ndio wenye barafu?

Shangazi wa Tudor

Asalam aleikum na habari zenu nyote. Nina swali limenikaa kichwani tangu jumapili. Tulikuwa na harusi Taveta upande wa mamangu, tukatoka Mombasa alfajiri na matatu ya kukodi, tumejaa humo wakubwa na watoto, na mmoja ni mtoto wa kakangu wa miaka kumi ambaye safari nzima aliuliza Kilimanjaro i wapi, Kilimanjaro i wapi. Tulipita Maktau saa nne na nusu hivi, jua kali, na upande wa mlima hamna kitu, mawingu tu yamerundikana kama pamba ya magodoro. Mtoto akanuna mpaka harusini.

Jumatatu twarudi, tumetoka Taveta saa kumi na mbili na kitu asubuhi, mara akapiga kelele kule nyuma ya gari. Nageuka naona mlima wote uko wazi, mkubwa ajabu, juu kuna cheupe kimepigwa na jua la asubuhi kikawa kama chekundu kidogo. Dereva akasimamisha gari, tukashuka sote hata mamangu na miguu yake mibovu. Wallahi sikujua kama kitu kile kiko karibu nasi hivi.

Sasa mtoto akaniuliza, "Shangazi, mlima uko juu, jua nalo liko juu, sisi tuko chini baharini na twachomeka, mbona yeye ndiye mwenye barafu?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitauliza wanaojua.

Na mawili mengine. Mamangu amezaliwa Taveta, asema alipokuwa msichana cheupe kile kilikuwa kingi zaidi ya sasa, je ni kweli ama ni macho ya uzee? Na mdogo wangu na wenzake wataka kwenda kuupanda mwezi wa nne shule zikifungwa, hali ya hewa huwaje wakati huo? Nitashukuru.

Dereva wa Kongowea

Wa aleikum salaam dada. Barabara hiyo mimi ndiyo ofisi yangu, napakia ndizi na nyanya Taveta naleta Kongowea, mwaka wa tisa huu. Ukitaka kuuona mlima ni alfajiri mpaka saa mbili saa tatu asubuhi, ama jioni jua likikaribia kuzama, hapo katikati mara nyingi umejifunika. Pahali pazuri pa kusimama ni Mbuyuni kwa sababu ni tambarare hakuna kitu mbele yako. Mara mvua ikinyesha usiku asubuhi yake hewa imeoshwa hakuna vumbi, waona mpaka mikunjo ya barafu na ile kilele ya pili iliyochongoka pembeni, Mawenzi.

Hilo swali la mtoto lanikumbusha jambo. Ukifungua vali ya tairi la lori ile hewa inayotoka weka kidole uone, ni baridi, hata kama lori limeshinda juani. Na pampu ya baiskeli ukipiga sana yapata moto pale chini. Mzibaji pancha mmoja hapo Voi aliniambia hewa ikibanwa yapata joto na ikiachiliwa itanuke yapoa, nikamuelewa hapo hapo. Nadhani mlima ni mambo hayo hayo lakini wenye elimu waseme.

Maalim wa Kisauni

Dereva amesema sawa kabisa, na huyo mzibaji pancha ni mwalimu mwenzangu.

Shangazi, mwanzo mwambie mtoto kuhusu umbali. Jua liko mbali nasi kilomita kama milioni 150. Kilele cha Uhuru, pale juu kabisa ya Kibo, ile sehemu kubwa ya mlima yenye barafu, kiko mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, yaani hata kilomita sita hazitimii. Sasa ukatoe kilomita sita kwenye milioni 150, hujasogea kitu. Kwa hivyo kukaribia jua hapo hakuhesabiki.

Pili, jua halichemshi hewa moja kwa moja sana. Miale yapita hewani yaja kuchoma ardhi na bahari, kisha ardhi ndiyo inayoipa hewa joto kutoka chini, kama sufuria juu ya jiko. Ile hewa iliyopata joto yapanda, na kule juu hakuna hewa nyingi ya kuikandamiza, basi yatanuka, na ikitanuka yapoa. Ndiyo tairi la dereva. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto lapungua nyuzi kama 6 na nusu. Hapa Mombasa wastani wa mwaka ni nyuzi 26 hivi. Mwache apige hesabu mwenyewe mpaka mita 5,895 aone anavyovuka sifuri, atafika chini ya sifuri nyuzi kumi na kitu. Hiyo ni hesabu ya kukisia, maana kule juu kwenye barafu kuliwekwa mtambo wa kupima hali ya hewa mwaka 2000 na wastani wake ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, usiku na mchana, mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili.

Na mlima huo uko karibu na ikweta kutushinda sisi. Wenyewe uko kilomita kama 340 kusini ya ikweta, Mombasa ni kama 450. Watoto wengi darasani hawaamini mpaka niwafungulie ramani. Kutoka Mombasa mpaka kileleni ukipita angani ni kilomita kama 280 tu.

Sasa mawingu ya saa nne. Haya sisi watu wa pwani twayajua, ni vile tu hatuyafikirii mlimani. Hapa mchana nchi kavu yapata moto upesi kuliko bahari, upepo waja kutoka baharini, usiku yageuka upepo watoka bara kwenda baharini, wavuvi wanaotoka alfajiri na tanga wautumia huo. Mlima nao ni hivyo hivyo. Asubuhi jua likishapiga miteremko, hewa ya kule chini yapanda kuufuata mlima, nayo ina unyevu kwa sababu ya msitu na mashamba, ikifika juu yapoa, ule unyevu wageuka wingu. Usiku mlima wapoa, hewa baridi yateremka, wingu lakatika. Ndiyo maana mlikosa mkienda na mkapata mkirudi.

Msimu nao ni wetu ule ule, kaskazi na kusi. Kusi ikianza yaja na masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, na upande wa kusini wa mlima, Moshi na Marangu, ndio hupigwa na mvua zaidi. Kwenye msitu kama mita 2,200 mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mara mbili ya tunayopata Mombasa. Upande wa kaskazini unaotazama Oloitokitok mlima wenyewe umewakingia mvua, kwa hivyo ni mkavu. Na ajabu ni kwamba juu kabisa ndiko kukavu zaidi, hawafikishi hata milimita 200 kwa mwaka, na yote hiyo huanguka kama theluji. Watu huona cheupe wakadhani kule kwajaa maji, kumbe ni jangwa la baridi.

Kijana wa Likoni

Maalim asante kwa shule. Mimi nauliza tu, si ni kweli huu mlima ulikuwa wa Kenya malkia wa Uingereza akampa mjukuu wake wa Ujerumani zawadi ya besdei? Ndo maana mpaka umepinda pale.

Mkaazi wa Rabai

Hiyo ya besdei ni hadithi tu ndugu yangu, ingawa hata sisi tulifundishwa hivyo. Mpaka ulichorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Wajerumani walikuwa tayari wana mikataba yao na machifu wa Uchagani, Waingereza wakabaki na Mombasa, mstari ukatoka pwani huku kusini ya Vanga ukauzunguka mlima kwa kaskazini. Zawadi haikuwapo.

Lakini hadithi ya kweli ya mlima huu na Mombasa ni nzuri kushinda hiyo, na sisi wa Rabai twaionea fahari. Mwaka 1848 mmishenari Johannes Rebmann aliondoka hapa Rabai kwenda Uchagani, na kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Yule mzungu hakubeba silaha, alikwenda na mwavuli. Tarehe 11 mwezi wa tano, mida ya saa nne asubuhi, wakiwa wameshapita Taita waelekea Taveta, akaona kitu cheupe juu ya mlima. Akadhani wingu. Akamuuliza aliyekuwa akimwongoza, naye akamjibu kwamba lile pale ni wingu, lakini cheupe kile hajui ni nini, adhani ni baridi.

Baridi! Ndilo neno aliloliandika Rebmann katika daftari lake. Yule mwongozi hakuwa na neno la theluji kwa kuwa hapa kwetu hakuna, lakini alikisia sawa kilichoko pale. Jibu la Maalim lote lile liko ndani ya neno hilo moja. Na Wachaga walishakwenda kutazama, Rebmann aliambiwa kwamba watu waliwahi kudhani ni fedha, wakaenda kuichukua, walipoiteremsha wakakuta ni maji.

Habari zilipofika Ulaya bingwa mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, alikataa katakata kwamba kwaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, na yeye hajatia mguu Afrika ya mashariki. Hakutaka kusikia hata Mjerumani Baron von der Decken alipokwenda kujionea, safari yake ya 1861 ilianzia hapa hapa Mombasa, na 1862 akarudi akapanda mpaka mita zaidi ya 4,000 theluji ikamwangukia. Lakini mtu wa msafara kutoka pwani alikuwa ameshasema.

Dereva wa Kongowea

Hiyo sikuijua kabisa, na napita hapo kila wiki. Lakini nina swali kwa Maalim, wasema saa nne mawingu yashapanda, mbona huyo Rebmann aliona saa nne?

Maalim wa Kisauni

Swali zuri. Yale mawingu ya mchana mara nyingi hujipanga kwenye ukanda wa msitu na juu yake kidogo, halafu kilele chatokeza juu ya mawingu. Ukiwa chini ya mlima karibu huoni kitu, ukanda umekuziba. Ukiwa mbali nyanda za Taita waweza kuona mawingu kama mkanda kiunoni na kichwa cheupe kimeelea peke yake juu. Yeye alikuwa mbali. Na ndiyo maana alidhani ni wingu mwanzo, akaona wingu juu ya wingu.

Msafiri wa Nyali

Shangazi naomba nijibu la mdogo wako, mimi nilipanda mwaka jana mwezi wa kwanza kwa njia ya Marangu, siku sita, na nimezaliwa na kukulia hapa ufukweni.

Mwezi wa nne asiende. Ndiyo katikati ya masika, msituni ni matope juu ya matope, nguo hazikauki, na juu ni theluji mpya na ukungu waficha njia. Mwezi wa kwanza na wa pili ni pazuri, asubuhi wazi na baridi si kali sana. Ama kuanzia mwisho wa mwezi wa sita mpaka wa kumi, mkavu lakini baridi zaidi. Wakilazimika kwenda karibu na mvua wafikirie njia ya Rongai upande wa kaskazini kwa sababu Maalim ashasema huko ni kukavu.

Kitu ambacho sikukitarajia ni vile mlima unavyobadilika kama nchi tofauti tofauti. Siku ya kwanza ni migomba na mibuni ya Wachaga, halafu msitu umelowa, miti ina ndevu za kijani, kima wanakutazama. Nilivyopita vibanda vya Mandara mita 2,720 msitu ukaisha, vichaka tu, kufika Horombo mita 3,720 kuna mimea mikubwa ya ajabu, shina kama la mpapai na juu imebeba majani kama kabichi, majani yaliyokufa hayaanguki, yaning'inia yakiifunika shina kama blanketi isigande usiku. Kunguru wa huko wana shingo nyeupe, tena wakubwa. Baada ya hapo ni uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, mawe na mchanga, upepo, hata jani huoni. Mchana jua lakubabua uso, likiingia tu nyuma ya mlima ndani ya dakika kumi umevaa jaketi mbili.

Usiku wa kupanda kilele tuliondoka vibanda vya Kibo, mita 4,720, karibu na saa sita za usiku. Huondoka usiku kwa sababu ule mchanga wa mawe umegandishwa na baridi, mguu hauserereki sana, na ili ufike alfajiri kabla ya mawingu. Mwongozi wetu alitwambia tuweke chupa za maji kichwa chini ndani ya mkoba, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu, ukiigeuza mdomo uko wazi bado wapata kunywa. Mwenzetu mmoja hakufanya hivyo, yake ikaziba. Jua lilitoka nyuma ya Mawenzi tukiwa Gilman's Point, hapo ni mita 5,685, bado saa moja na zaidi ya kuzunguka ukingo wa shimo la volkeno mpaka Uhuru. Nilitazama upande wa mashariki huku kwetu, mawingu yametanda chini yetu kama bahari, hata nikatafuta Mombasa kwa macho.

Mdogo wako alizingatie sana hili: sisi watu wa pwani twatoka mita sifuri. Kule juu kila pumzi ina oksijeni kama nusu ya hapa. Kuwa na nguvu za mpira hakusaidii, waliokimbia siku ya kwanza ndio walioteremshwa. Polepole, maji mengi, siku moja ya ziada Horombo, na kichwa kikiuma sana ukatapika, ama ukaanza kupepesuka, hakuna kubishana ni kushuka. Wachague kampuni ambayo mwongozi anapima oksijeni kila jioni, na wapagazi wake wana viatu na mahema ya maana, wale ndio wanaokubebea maisha yako.

Na nina kitu cha kumwonyesha mtoto. Pale Kibo nilimaliza maji nikafunga chupa ya plastiki tupu nikaitia kwenye begi. Nimefika nyumbani Nyali naikuta imejikunyata kama imekanyagwa na gari, na hakuna aliyeigusa. Hewa ya hapa imeibana. Nimeiweka kabatini sijaifungua mpaka leo.

Shangazi wa Tudor

Subhanallah. Chupa hiyo lazima aione. Nimemsomea jibu la Maalim la tairi akaenda akamwagia upepo wote wa baiskeli ya ndugu yake kuhakikisha.

Lakini la mamangu hamjanijibu bado. Kimepungua kweli?

Maalim wa Kisauni

Mamako aona sawa. Mwaka 1912 ramani ilionyesha barafu kama kilomita za mraba 12 juu ya mlima. Ilipofika 2011 ilikuwa haifiki hata 2. Imeondoka zaidi ya asilimia 85 katika miaka mia, na iliyobaki yaendelea kupungua, imekatikakatika vipande vipande. UNESCO, ambayo imeuweka mlima huu kwenye urithi wa dunia tangu 1987, ilisema mwaka 2022 kwamba barafu hii ni miongoni mwa zile zitakazokuwa zimeisha kufikia 2050. Huyo mtoto atakuwa mtu mzima wa makamo tu.

Lakini namna inavyoisha si vile wengi wafikirivyo. Nyumbani kwenu ukiacha vipande vya barafu kwenye friza bila kufunika wiki tatu nne, utavikuta vimekuwa vidogo, vimekonda, na hakuna tone la maji. Havikuyeyuka, vimekwenda moja kwa moja hewani kama mvuke. Kule juu ndivyo, hewa kavu, jua kali, barafu yaliwa bila kutiririka. Zile kuta za barafu kule zimesimama wima kama ukuta wa Fort Jesus, na ni jua linalozichonga ubavuni. Zamani theluji mpya ilikuwa ikizifunika mara kwa mara, na theluji mpya ni nyeupe yarudisha jua. Tangu mwisho wa karne ya 19 hali huku kwetu imekuwa kavu zaidi, theluji yashuka kidogo, barafu ya zamani iliyochafuka na vumbi yameza jua. Juu ya hilo dunia nzima yapata joto. Wanasayansi wamebishana sana kipi chachangia zaidi lakini kwamba yaisha hawabishani.

Kijana wa Likoni

Hii yanitia hofu. Maji ya Mzima tunayokunywa si yatoka Kilimanjaro? Barafu ikiisha Mombasa tutakunywa nini?

Mkaazi wa Rabai

Chemchemi za Mzima maji yake hasa ni ya vilima vya Chyulu, mvua yanyesha kule yazama kwenye mawe ya volkeno yapita chini kwa chini yatokea Mzima, ndipo paipu yaja pwani zaidi ya kilomita 200. Si barafu ya Kibo.

Maalim wa Kisauni

Kweli. Na hata maji yanayotoka Kilimanjaro yenyewe, mto Lumi unaoingia ziwa Jipe, chemchemi za Njoro kule Taveta, ziwa Chala lililo kwenye shimo la volkeno pale mpakani, hayo yote si maji ya barafu, barafu mchango wake ni mdogo mno. Ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Matawi na ile miti yenye ndevu aliyoisema Msafiri hukamua ukungu ukadondoka chini ukazama ardhini. Kwa hivyo Kijana, cha kukuhangaisha usiku ni moto na shoka kwenye ule msitu. Msitu ukikatwa ndipo ndizi za dereva zitakosa maji, hata barafu iwe yote ya 1912. Barafu mimi naisikitikia kwa sababu nyingine, Bwana Kheri na Rebmann waliitazama, mama wa Shangazi ameitazama, na wanafunzi wangu watakuja kuisoma tu.

Msafiri wa Nyali

Shangazi mlete mtoto jumamosi baada ya alasiri. Tutaifungua hiyo chupa pamoja asikie inavyovuta hewa.

Shangazi wa Tudor

Inshallah tutakuja. Ashasema aleta daftari, na mamangu ataka aje pia azione picha za juu, asema miaka yote ile Taveta aliutazama kwa chini tu, hajapata kuona kule kuna nini.

Dereva wa Kongowea

Mimi alhamisi nalala Taveta, ijumaa natoka saa kumi na moja alfajiri na mzigo. Kukiwa wazi nitasimama Mbuyuni nimpigie picha kijana, naituma hapa kabla ya saa mbili.

Dereva wa Kongowea

Ijumaa saa kumi na mbili na dakika arubaini. Uko wazi wote, Kibo na Mawenzi, usiku kulinyesha. Picha nimeiweka hapo chini. Mwambieni atazame upande wa kulia wa kilele, wingu la kwanza lishaanza.